Salamu Ndefu za Dorkas

Huku kwetu milimani, juu ya Ndungu, mke wa kaka yangu alikuwa bingwa wa salamu. Dorkas akipanda kutoka shamba la tangawizi, kila akikutana na mtu anatua mzigo: shikamoo, mmeamkaje, mbuzi wamezaa, paa la kanisa limefikia wapi? Wazee wakamsifia adabu, mama akavimba kichwa.

Mimba yake ilipofika miezi saba, salamu zikarefuka. Siku moja nikamkuta anamwuliza ng'ombe wa jirani habari za nyumbani.

"Shemeji, huyo hajibu."

Akacheka, kicheko kikakatikia njiani. "Pumzi zinaniisha, shem. Hata usingizi nalala nimekaa. Salamu ndiyo mapumziko yangu. Usimwambie mama, atasema mwanawe kaoa mgonjwa."

Nilimwambia mama kabla ugali haujaiva. Mama hakusema hivyo. Alijifunga kanga, akatutangulia kwenye gari la Same. Ila hospitalini, aliposikia Dorkas apigwe picha ya mionzi ya kifua, akaziba mlango kwa mwili mzima.

"Mtaniunguzia mjukuu!"

"Mama, moyo tunaupima kwa mawimbi ya sauti, kama kipimo cha kumwona mtoto," alisema Daktari Irine. "Picha ni ya kuangalia kama mapafu yana maji. Mionzi inaelekezwa kifuani. Inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Mama yake kukosa pumzi, hiyo ndiyo hatari."

Mama akapisha. "Basi mpigeni. Dorkas, tabasamu."

Halafu moyo wenyewe ukatokea kwenye skrini! Unadunda, vijilango vinafunguka na kujifunga, sisi macho pima kama tunatazama fainali. Kijilango kimoja kilikuwa kimekaza kama geti bovu la zizi: kovu la homa ya utotoni. Mapafu nayo yalikuwa na maji. Akapewa dawa, akaambiwa apumzike, asibebe mizigo, ajifungulie hospitali ya rufaa.

"Tangawizi atabeba huyu," mama akaninyooshea kidole. "Diploma yake haijaisha, lakini mgongo wake mzima."

Mtoto kazaliwa, wa kike, akilia hata kijiji cha Kisiwani, kule bondeni, wanageuka. Dorkas bado anahudhuria kliniki ya moyo. Siku hizi akichoka anakaa juu ya jiwe, peupe, anatoa shikamoo moja na kunyamaza. Wazee wananong'ona kwamba uzazi umemtia kiburi.

"Mwacheni, moyo unapumzika," mama anawajibu. "Anayetaka salamu ndefu, ng'ombe yupo."