Kadi yenye Jina Langu Shingoni mwa Rozi

Admin, niwekee hii na jina langu ulifiche vizuri, kwa sababu wanaohusika wanasoma hapa na mmoja wao huandika "Amina" chini ya kila kisa.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka arobaini na moja, nilizaliwa mtaa wa Ziwani, Nairobi, na bado niko Ziwani. Kazi yangu ni kupikia watu kwenye sherehe. Si mtu wa kulialia, lakini wiki hii nimelia mpaka chapati zikaungua, na sasa machozi yameisha imebaki hasira. Nataka kulipiza. Nasema mapema msije mkadhani natafuta kuombewa.

Miaka ya tisini, nikiwa darasa la nne, kanjo, yaani halmashauri ya jiji, walishirikiana na shirika moja la misaada kupeleka watoto wa mitaa yetu kambi ya likizo ya Agosti, kule Naivasha. Wiki mbili za kulala kwenye hema, kuogelea na kula nyama. Mtaa wetu ulipata nafasi chache, kwa hivyo majina yakatiwa kwenye kofia ukumbini, wazazi wote wakitazama. Jina langu likatoka. La Rozi, mtoto wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, halikutoka. Mama Rozi alikuwa akijitolea pale ukumbini, na kila karatasi na kila taarifa kwa wazazi ilipitia kwake.

Mama yangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha sabuni Industrial Area, zamu ya usiku. Alininunulia blanketi, akatarizi jina langu pembeni kwa uzi mwekundu. Jumapili jioni, kabla Mama hajatoka kwenda kazini, Mama Rozi akaja mlangoni, akamwita kwa jina la kaka yangu kama kawaida. "Mama Peter, basi ni kesho saa tatu. Msikuwe na haraka."

Asubuhi Mama alitoka kiwandani mbio, akanipaka mafuta nikang'aa, tukafika ukumbini saa mbili na nusu tukijiona tumewahi. Tukamkuta mzee wa kufagia, peke yake. Basi lilikuwa limeondoka saa moja. Nilikaa chini pale kwenye ngazi na blanketi langu, na Mama akasimama tu, bado ana harufu ya sabuni.

Mama Rozi alikuwa amesindikiza basi. Aliporudi alimwambia Mama kwamba yeye alisema saa moja, wazi kabisa, na kwamba usingizi wa zamu ndio unamchanganya. "Wewe huchelewanga, Mama Peter." Mama alikuwa amechoka kiasi kwamba alimwamini. Kuhusu Rozi tuliambiwa alipewa nafasi ya ziada kwa sababu mama yake anajitolea.

Rozi alirudi na fulana ya kambi, akaivaa hadi ikawa matambara. Tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, alinihadithia mambo ya ziwa la Naivasha na mimi nikamsikiliza kwa hamu, mjinga mimi. Baadaye shirika likachagua watoto wachache kati ya wale wa kambini, likawasomesha mpaka chuo. Rozi alikuwa mmoja wao. Mimi niliishia darasa la nane, nikaanza kukanda unga.

Mama hakujisamehe hadi kufa. Kila niliposhindwa kulipia wanangu karo ya shule, aliniambia polepole, "Ni mimi nilikuchelewesha." Tulipomzika mwaka juzi, Mama Rozi alisimama kutoa salamu kama rafiki wa miaka mingi. Akasema marehemu alikuwa mtu mzuri, ila saa hakuijua, hata basi la watoto lilimwacha. Watu wakacheka. Nikacheka nao.

Sasa serikali ya kaunti na shirika lile wanafufua kambi. Uzinduzi ni Jumamosi hii, ukumbi uleule. Mgeni wa heshima ni Rozi, mtoto wa mtaa aliyeinuliwa na kambi, na mama yake atakaa mstari wa mbele. Mimi nimepewa kazi ya chakula. Nikiwa stoo ya ukumbi kutafuta sufuria nikakuta boksi la picha za zamani. Kuna moja ya watoto wamepanga mstari, kila mmoja na kadi ya jina shingoni. Rozi yuko katikati, anacheka. Kadi yake ina jina langu. Majina yangu yote matatu, kwa mwandiko wa mama yake; baadaye walilirudishaje jina la Rozi kwenye vitabu vya shirika, sijui. Nyuma ya picha kumeandikwa: Ijumaa, ukumbini, kabla ya safari.

Ijumaa. Siku mbili kabla hajaja mlangoni kwetu kutudanganya saa.

Nimeipeleka studio ikakuzwa, kubwa kama meza. Iko nyumbani, nyuma ya magunia ya mchele. Nataka kuisimamisha pale mbele Rozi akianza kuhutubia, niseme jina la mama yangu kwa sauti, nimwangalie Mama Rozi usoni.

Lakini wafadhili wamekuja kwa ajili ya Rozi. Akiaibika wataondoka, na kambi iende nao. Majina ya mwaka huu yameshatolewa kwenye kofia, na la binti yangu wa miaka kumi lilitoka. Ameshakunja nguo zake. Analalia blanketi lile la uzi mwekundu, ameniomba aende nalo. Na Rozi mwenyewe alikuwa mtoto, ingawa alijua kuitikia jina lisilo lake.

Nilikuwa nimeanza kulegea. Ndipo jana Mama Rozi akanipigia simu kuhusu chakula. Akasema, "Jumamosi saa tatu, mama. Na usichelewe kama marehemu."

Mlio na watoto, na mliozika mama zenu, semeni nami. Niibebe picha, au nibebe sufuria peke yake? Jumamosi nitakuwa pale tangu saa kumi na mbili asubuhi.