Mzee Moshi na Siku Tatu Bila Jua

Baba yangu aliitwa Mzee Moshi tangu mimi sijaota meno, na jina hilo wala halikumkera. Aliendesha mitambo ya dizeli katika kituo cha umeme cha mji wetu kwa miaka ishirini na tisa. Mitambo yenyewe ilikuwa minne, na wa tatu ndio uliokuwa mtukutu. Ukishalala ukapoa, siku ya kuuamsha ulitapika moshi mweusi tii kwa dakika kumi nzima kabla haujatulia. Baba aliusimulia kama watu wanavyomsimulia shemeji mlevi, kwa aibu kidogo na mapenzi mengi.

Tuliishi nyuma ya ukuta wa kituo, kwenye nyumba za wafanyakazi, upande ule ule ambao upepo ulikuwa unaelekea. Aliyechora ramani ile sijui alikuwa na ugomvi na nani. Zilikuwa nyumba kumi na mbili za vyumba viwili viwili, na kamba za nguo zimekatiza uani kutoka mlango hadi mlango. Kulikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Kabla ya kuwasha mtambo wa tatu, Baba alitoka nje akapuliza filimbi mara tatu. Wanawake wote waliacha walichokuwa wakifanya wakazikimbilia kamba, na ndani ya dakika tano hapakuwa na hata soksi nje. Kisha moshi ulikuja ukatanda juu ya ua, ukashusha masizi yake, na wanawake wakaendelea na kazi zao pale pale, huyu anaosha vyombo, yule ananyonyesha. Mama alimsifu sana mumewe kwa filimbi ile. Alisema hakuna mwanamume mwingine anayejali mashuka ya watu namna hiyo.

Naandika haya nikiwa na hasira, sifichi. Nguo tulizianua, mapafu tukayaacha nje. Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeliona jambo hilo, na mimi niliyepelekwa shule nikaliona baadaye mno.

Kikohozi cha Mama kilianza kama mzaha. Alikuwa akikohoa asubuhi, anacheka, anasema koo linafagiwa. Baadaye akawa hawezi kubeba ndoo kutoka bombani bila kupumzika mara mbili njiani, na mwisho akawa hawezi kubeba ndoo kabisa. Siku tulipompeleka hospitali, daktari aliitazama picha ya kifua chake kwa muda mrefu, akauliza, "Nyumbani mnapikia nini?"

"Mkaa," Mama akajibu.

Baba alilidaka neno hilo kama mtu aliyerushiwa kamba majini. Kesho yake jiko la mkaa lilitoka nyumbani likaingia la gesi, na alitembea mlango kwa mlango akiwahubiria majirani juu ya ubaya wa mkaa, jinsi unavyomaliza miti na kuua akina mama. Alisema kweli tupu. Lakini kabla hatujaondoka daktari alikuwa ametaja vitu viwili, mkaa na moshi wa mitambo, na Baba alikuwa amesikia kimoja.

"Na moshi wa kazini, Baba?" nilimuuliza.

"Wa kazini unapita juu," akasema. "Ule una bomba refu."

Nilikuwa nimesomea ufundi wa umeme wa jua, na kichwa kilikuwa kimenivimba, nakiri. Kila nilipokuja nyumbani nilimwekea Baba darasa mezani. Dizeli ukishaichoma imekwisha, nikamwambia, na moshi wake unabaki kwetu na kwa wajukuu wetu, unachafua hewa na kuvuruga hata mvua. Jua ukilitumia leo, kesho liko pale pale. Baba alinisikiliza huku akikoroga chai.

"Jua lipo, sijakataa," akasema. "Mimi naogopa kitu kisichowekwa kwenye pipa."

"Linawekwa kwenye betri, Baba."

"Haya, fundi."

Mwaka uliofuata kituo kilifungwa. Nje ya mji zilitandazwa paneli kwa maelfu, na waya mnene ukavutwa kutoka kwenye bwawa la umeme la mbali. Mji mzima ulishangilia, na mimi nilishangilia kuliko wote. Sitaki kutia chumvi upande wangu. Paneli zile zilichukua malisho ya mbuzi na wenye mbuzi hawakuulizwa vizuri, na bwawa lilikuwa limefunika mashamba ya watu pamoja na makaburi yao. Hata hivyo, wiki ya kwanza baada ya mitambo kuzimwa, Mama alitoka uani akakaa kwenye kiti chake, akasema hewa ina ladha ya maji. Sijaisahau sauti aliyosemea maneno hayo.

Mimi nilikuwa nimeajiriwa huko, nikampeleka Baba akazione paneli. Alitembea katikati ya safu zile mikono ikiwa nyuma, mara akasimama.

"Mbona kimya?"

"Ndivyo zilivyo."

"Zikiugua mtajuaje?"

"Kuna kompyuta, Baba, inatuambia."

"Na kompyuta ikiugua?"

Nilicheka mpaka wenzangu wakageuka. Kumbe hakuwa anatania. Enzi zake kituoni aliegemeza kipande cha ubao kati ya sikio na mtambo, akausikiliza kama daktari, na kwa mlio peke yake alijua ni chuma gani kimechoka. Pale hapakuwa na cha kusikiliza. Alirudi nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyokwenda.

Kwenye sherehe ya kumuaga walimpa cheti na jenereta ndogo ya dizeli iliyokuwa ikikaa stoo ya kituo. Cheti alikisahau kwenye gari. Jenereta aliijengea kibanda chake ubavuni mwa nyumba, akaifuta kila Ijumaa, akaijaza mafuta na kuiwasha kidogo ili isizoee uvivu.

Wakati huo Mama alikuwa amerudishwa nyumbani akiwa na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kumpa mgonjwa iliyo safi kwa mrija wa puani. Ilitakiwa ifanye kazi mchana na usiku. Umeme wa mji ukikatika, ilikuwa lazima pawe na kitu kingine cha kuishika. Baba alisema jenereta ipo. Nilimwambia, tena mbele ya Mama, kwamba moshi ndio uliomlaza pale na sitakubali umfuate hadi kitandani.

Alimrekebishia Mama mto. Hicho ndicho kilichoniuma baadaye, kwamba hakubisha. Alikuwa ameanza kuamini kwamba ni yeye.

Nikapanda juu ya bati mwenyewe nikafunga paneli sita. Kwa upande wa betri, nilichukua nne zilizotolewa kwenye mnara wa simu ambako kampuni yetu ilikuwa inafunga mpya. Zingeishia jalalani, na betri za aina ile zikitupwa ovyo zinavujisha madini ya risasi na asidi ardhini. Nilijiona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja: nimeokoa udongo, nimemwokoa Mama. Nikazipima, zote zikasoma vizuri. Nikapiga hesabu, zikatosha kuibeba mashine usiku mmoja na mchana wake wote hata jua lisipotoka kabisa.

Baba alikuwa ameshika ngazi. "Umezipima zikiwa zimebeba mzigo?"

Swali hilo ni la darasa la kwanza. Betri iliyochoka ikiwa imepumzika inaweza kukudanganya mchana kweupe. Ukiitwisha kazi ndefu ndipo inaanguka. Mwanafunzi wangu akikosea hapo namfukuza. Lakini swali lilitoka kwa Mzee Moshi, na mimi nilimjibu, "Baba, hii siyo dizeli."

"Haya," akasema.

Kisha nikamfanya amwage mafuta ya jenereta. Nilisimama kibandani nikamtazama akiyamimina kwenye dumu, mpaka tone la mwisho, na lile dumu nikamgawia jirani mwenye trekta. Nilijua kwamba mafuta yakiwemo, siku moja angeiwasha.

Kwa miezi saba mambo yalikwenda sawa. Umeme ulikuwa ukikatika nusu saa, mara nyingine saa moja, betri zikashika bila Mama kujua. Nilikuwa nikimtania Baba, "Umesikia kelele yoyote?" naye akisema masikio yake yamestaafu.

Ndipo ikaja ile mvua. Siku ya kwanza wingu lilishuka mpaka ukadhani utaligusa. Siku ya pili nguzo zilianguka huko zilikoanguka, na alasiri umeme wa mji ukaondoka. Betri zikapokea. Nililala nyumbani kwa wazazi, moyo wangu umetulia kabisa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mashine ya Mama ilianza kulia.

Nilidhani ni waya. Nilikagua kila kiungo, huku kipimo kikishuka mbele ya macho yangu. Betri mbili zilikuwa zimekufa na zilikuwa zinazivuta zile nyingine. Juu ya bati mvua ilikuwa inazipiga paneli zangu sita, safi, mpya, hazina hatia yoyote. Mashine ikazima. Tulimfungulia Mama mtungi mdogo wa akiba uliokuwa na hewa ya saa moja na nusu. Hospitali walisema gari limeshatoka. Baadaye wakapiga simu kwamba liko ng'ambo ya mto na maji yamefunika daraja.

Mafuta niliyomgawia jirani yalikuwa yameshaishia kwenye trekta lake. Baba alichukua dumu tupu akatoka kwenye mvua.

Mengine niliyasikia baadaye kwa dereva wa lori. Kituo cha mafuta kilikuwa na mafuta tele ardhini, lakini pampu zake nazo zinataka umeme, na hapakuwa na umeme. Baba alisimama pale akipiga pampu kwa kiganja kama anayebisha hodi. Halafu akaenda mpaka maegesho ya malori, akasimama mbele ya kioo cha lori la dereva huyo, na dereva anasema hakuelewa maneno yake, alielewa uso. Walivuta dizeli kutoka kwenye tangi la lori kwa mpira. Dereva alitaka kumrudisha, lakini barabara ilikuwa haipitiki kwa gari. Akatembea, maji magotini, na dumu begani. Alikuwa na miaka sitini na nane.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nimemwegemeza Mama kifuani kwangu, kwa sababu akilala chali alizama. Mshale wa mtungi ulikuwa umeshafika mwisho.

"Baba yako... kaenda wapi?"

"Kaenda kutafuta mafuta, Mama. Anakuja sasa hivi."

Alitabasamu. "Atakuwa... amefurahi."

Nilitaka kucheka naye nikashindwa. Nilimwambia nisamehe, nikarudia, nikarudia tena. Sijui kama alijua naomba msamaha wa nini. Aliniminya kidole.

"Akiiwasha," akasema, "usimgombeze."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye maana. Baada ya hapo alihesabu pumzi tu, na nilizihesabu naye, na kati ya moja na nyingine palizidi kuwa parefu. Kisha nilisubiri nyingine isije. Niliendelea kumshika vile vile, sikumlaza, kana kwamba nikimlaza ndiyo itakuwa kweli.

Sijui dakika ngapi zilipita. Nikasikia mlango wa kibanda, chuma kikigusana na chuma, na mafuta yakimiminwa. Mkono wa kuwashia ukazungushwa mara moja. Injini ikashika. Haikusitasita hata kidogo, maana aliifuta na kuikagua kila Ijumaa hata ilipokuwa tupu, na mimi nilikuwa nikimcheka. Taa ya chumba ikawaka. Mashine ikalia mlio wake mmoja wa kuamka, taa yake ya kijani ikatokea, na hewa ikaanza kutoka kwenye mrija, ikapuliza unywele mweupe uliokuwa umemwangukia Mama shavuni.

Baba aliingia akichuruzika maji. Hakutazama kitandani kwanza. Alitazama ile taa ya kijani, kama mtu wa mitambo anavyotazama. Uso wake sijawahi kuuona umekunjuka namna ile, hata siku za ujana wake kwenye picha.

"Umesikia?" akasema. "Mara moja tu. Imewaka."

Mikono yake ilikuwa imelowa dizeli mpaka kwenye viwiko. Alichukua kitambaa kilichokuwa juu ya kiti akaanza kujifuta, kwa sababu hakutaka kumgusa mkewe na harufu ile.

"Mama watoto, sasa pumua taratibu," akasema, "usiwe na haraka, hewa ipo."

Nilimwacha amalize kufuta mikono yote miwili, kidole kwa kidole, ndipo nikamwambia.