Paka Asiyekula ila kwa Mkono wa Nekesa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika nyumba moja mjini Ruiru, Nekesa amejibanza nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia, anachungulia. Upande wa pili, mwajiri wake, Nyawira, ambaye yeye humwita Mama Lynn, ameketi sakafuni. Amejifunga leso ya Nekesa ambayo haijafuliwa wiki nzima, ili anuke kama yeye. Mbele yake kuna sahani ya shingo mbichi za kuku.

Juu ya kabati yuko Wafula, paka wa miguu mirefu na madoadoa. Mama yake ni paka wa nyumbani. Baba yake ni mondo wa porini.

"Kula basi," Nyawira anambembeleza. Wafula anamtolea meno.

Nekesa, mwenye umri wa miaka 34, ni mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kimilili. Miaka mitatu hajatia mguu kwao, na sababu ni huyo paka. Nekesa akishinda Thika siku moja tu, Wafula hali, anakojolea magodoro na kurarua mapazia. Sasa mama yake Nekesa amepooza upande mmoja, na kila simu kutoka nyumbani inauliza: unakuja lini?

Nyawira alimnunua Wafula akiwa kitoto ili wageni wamstaajabie. Uzuri wa mkakasi huo. Malezi akamwachia Nekesa, naye akalea alivyojua: alimbeba mgongoni kwa leso hiyohiyo akipiga deki.

"Hapo ndipo tulipokosea," Nekesa anasema. "Alizoea mgongo mmoja, akadhani dunia nzima ina mgongo mmoja."

Daktari wa mifugo kutoka Kamenu hakuwaficha. Kizazi cha kwanza cha mchanganyiko huu, aliwaambia, nusu yake bado ni pori. Huyu akiachiliwa atakufa njaa, na akipewa mtu mwingine atamuuma.

Nyawira naye ameshasema lake: Nekesa akienda, kisha paka akigoma kula siku tatu, paka huyo atadungwa sindano afe.

"Si roho mbaya," anasema, mkono wake umefungwa bandeji. "Lakini wee, mimi nilitaka paka tu."

Mwishowe Wafula anashuka. Ananusa leso, anachukua shingo moja, anaibeba hadi kwenye mlango wa chumba cha kufulia na kuiweka chini. Hali. Anaketi, anangoja mlango ufunguliwe.

Nekesa anajipangusa machozi kwa kiganja.

"Tikiti ni ya Jumamosi, na nitaenda," anasema. "Mama ni mmoja. Nikimkuta hai, nitamuogesha wiki mbili. Kisha nirudi nione kama na huyu yuko."

Nyawira anaifungua leso aitie kwenye beseni la nguo chafu. Nekesa anamshika mkono.

"Mama Lynn, hiyo usiifue mpaka nirudi."