Hatua Tisa Hadi Kwenye Pasi

Dada yangu alikuwa na barua mbili za kazi, na mwisho wa kujibu ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Moja ilitoka benki ya uwekezaji, wale wanaotafutia makampuni mtaji na kusimamia yanaponunuana. Nyingine ilitoka kampuni ya ushauri, ambayo huingia kwenye biashara ya mtu, ikauliza-uliza, ikasema pa kurekebisha, ikaondoka. Benki walikuwa na mshahara mnono zaidi. Mimi niliishia darasa la sita, ila hayo niliyaelewa, maana Jumatatu nzima aliyarudia dukani kwa shangazi tukiwa tunashona.

"Njia mbili zilimshinda fisi," shangazi alimtania, "na fisi ana miguu minne."

"Ningekuwa na minne, shangazi, ningeshafika."

Jumanne dada alikaa kwenye kigoda akitutazama. Akaona kwamba kutoka cherehani hadi meza ya pasi ni hatua tisa, na shangazi huzitembea kila akimaliza mshono. Jioni tukaisogeza meza hadi ubavuni mwa cherehani. Dada alitamba kama kuku aliyetaga.

Alhamisi asubuhi tukakuta shangazi ameirudisha.

Nilidhani dada atanuna. Badala yake alivuta kigoda. "Kwa nini, shangazi?"

"Mwanangu, zile hatua ndizo zinaninyoosha mgongo. Jana nimeshinda nimejikunja kama kambale kwenye kikapu."

Basi maswali yakamtoka kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Mgongo unaanza kuuma saa ngapi? Hicho kiti nani alikichagua? Akapiga magoti na utepe wangu wa kupimia, akakuta kiti ni kifupi kwa vidole vinne. Tukashona mto wa mabaki ya vitambaa. Shangazi akaukalia, akajitikisa.

"Haya. Hapo umesema."

Ijumaa saa nne, barua zote mbili zilikuwa chini ya mkasi. Dada alikuwa mlangoni, anamhoji fundi viatu jirani yetu kwa nini anakaa chini vile.

"Dada," nikasema, "tangu Jumanne hujaitaja benki."

Akanigeukia. "Mshahara wao ni mkubwa, mdogo wangu."

"Najua. Ulisema Jumatatu."

Shangazi alisimamisha cherehani. Dada alitutazama mmoja mmoja, kisha akatoa simu, akawapigia benki kwanza, awashukuru na kuwaomba radhi. Simu ikiwa bado inaita, akainama kwa fundi viatu.

"Na hiyo nyundo, mpini umeukata kwa nini?"