Mstari Uliokuwa Ukitawadha

Mpaka leo nikipita karibu na bustani ya miche Kisarawe huvuta kofia usoni, maana mimi ndiye niliyeinywesha misaji iliyokatazwa hata tone la maji, na wala sikujua.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mlinzi na mwandishi wa tuta la ukame: mistari saba, kila mmoja mbegu za mti wake, imeachiwa jua la kiangazi tuone upi utavumilia, na mti mama wa mstari utakaoshinda mbegu zake zipandwe kuanzia kijiji cha Janga mpaka Magindu. Bwana Miti, ndivyo tulivyomwita Mzungu wa misitu, aliniahidi unyapara kazi ikienda sawa.

Siku moja nikaona niwe natawadhia pembeni ya tuta, kwenye kivuli cha banda nililolala (kisimani kuna jua na siafu). Basi kila swala naosha miguu, nikimaliza kuswali nakaa, macho yanalegea, naona msitu unatembea polepole kwenda bara, majani mapana yakipiga makofi, nami nyapara mbele. Mistari sita ikakauka. Wa saba, ule wa misaji, ukanawiri, nami naandika kila asubuhi, "Wa saba, kijani," tena kwa mwandiko mzuri!

Bwana Miti akaja, wazee na wachota maji wakakusanyika.

"Huu ndio," akasema, akipapasa jani la mstari wa saba. "Huu hauna haja ya maji."

Mara adhana ya adhuhuri. Kwa mazoea nikachukua birika, nikachuchumaa pale pale pangu, mbele ya wote. Maji yakapita kisiginoni, yakafuata kijia (kumbe yalishajichimbia kijia!) mpaka mashinani mwa mstari wa saba.

Kisha Bi Mwanahawa, mchota maji wetu, akatua debe lake.

"Mti huo utaonaje kiu, Bwana Miti? Nao una swala tano!"

Wazee walicheka mpaka wakaegemea fimbo, nami mguu mmoja bado mkavu.

"Tangu lini?" Bwana Miti akauliza taratibu.

"Tangu mwezi uliopita, bwana."

Akaenda mstari wa tatu, kwenye vijiti viwili vya rangi ya vumbi nilivyoandika "vimekufa", akakwaruza gome kwa ukucha. Kijani.

Mbegu za mti mama wa mstari huo wa tatu ndizo zilizopandwa. Unyapara akapewa mwingine. Nami niliapa, simimini maji kabla ya kutazama yanakokwenda. Msitu bado naota ukipita, ila sasa niko nyuma yake kabisa, na birika tupu.