Zamu ya Faili

Ofisi yetu ya Jinja, ya kusambaza sabuni na mafuta ya kupikia, ilikuwa haikai na watu. Mlinzi wa getini aliacha kabisa kujifunza majina. Sote alituita "mgeni", hata mimi niliyetimiza mwaka. Bosi alikuwa na mdomo mchafu na mkono mwepesi wa kuandika barua za kufukuza. Na bado, Mungu anisamehe, naikumbuka kwa mapenzi, kwa sababu ya Hajati.

Hajati alikuwa mama wa Kiislamu kutoka Mbale, karani wa stoo, mkubwa wetu kwa umri. Ndiye aliyetufundisha zamu ya faili. Bosi akimwita mtu ndani na kuanza kufoka, aliye zamu alihesabu dakika mbili, akabisha hodi, akaingia na faili lolote la kutiwa sahihi. Bosi alipenda mno kutia sahihi. Akishika kalamu hasira zilimshuka, na aliyekuwa akifokewa akapata upenyo wa kutoka. Msichana wa mapokezi tulimwokoa mara tatu kwa wiki moja. Mimi Hajati aliniokoa kwa faili tupu, halina hata karatasi, na bosi akatia sahihi kwenye jalada.

Siku aliyoitwa Hajati, zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, na bosi alishasema mbele ya watu kwamba anatafuta sababu ya kuniondoa. Nilisimama mlangoni, faili kifuani. Dakika mbili zikapita, ya tatu ikaingia. Sikubisha. Hajati akatoka na barua ya kufukuzwa mkononi, akanipita akitabasamu, akaenda kufungasha vitu vyake. Nilijichukia.

Mwanangu alipofikisha miezi minne nilimbeba hadi Mbale. Nilimkuta Hajati kwenye kibanda chake cha vitenge. Maneno niliyoyapanga njia nzima yakanitoka ovyo.

"Hajati, nisamehe. Siku ile nilikuwa nje ya mlango. Niliogopa."

"Mimi najua," akasema, huku akimpokea mtoto bila kuombwa. "Niliona viatu yako chini ya mlango. Bosi alikuwa bado anataka kupiga kelele, mimi nikasema, leta kalamu. Ile barua nikatia sahihi haraka-haraka. Niliogopa wewe utaingia."