Mara Nane

Majirani walimwita Bwana Hesabu, ingawa kazi yake ilikuwa ushonaji. Kwenye cherehani yake kulikuwa na kibati chenye namba ya kiwandani: 142857. Ina nini cha ajabu, utauliza. Haya, izidishe kwa mbili: 285714. Kwa tatu: 428571. Tarakimu ni zilezile, zimehama viti tu! Mpaka mara sita, hatoki mtu wala haingii mtu.

Binti yake wa pekee alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, na huo ndio ulikuwa mchezo wao. Baba anasukuma kitambaa, anaita, "Mara tano!" Mtoto anajibu kutoka chini, "714285!" Mara saba tu ndiyo ilikuwa mwiko. Ukizidisha kwa saba unapata 999999, tisa tupu, wenyeji wote wamefutika. Kwa hiyo kitu kikivunjika kisitengenezeke, walisema kimekwenda mara saba. Mama alipofariki mtoto alisema hivyohivyo.

Binti akakua, akaolewa mji mwingine. Siku aliyokuja kumsalimia baba, alimkuta anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa.

"Baba, macho yamechoka. Uza hii cherehani, uje tukae wote."

Mzee akawaka. Hasira hasara, na ya huyu haikuwa na breki! "Mimi na wewe," akasema, "mara saba!"

Binti akachukua mkoba wake, hakuaga.

Tangu hapo simu ikawa kimya. Maji yakimwagika hayazoleki, mzee akajiambia, na kiburi kikamsaidia kuamini. Akawa anawasha redio ili ndani kuwe na mtu anayeongea. Mteja akimuuliza kama amekula, anajibu, "Nimeshiba, namshukuru Mungu," na sufuria imekauka tangu jana. Alikuwa mpweke, tusizungushe maneno, na aliogopa atakufa bila kuisikia tena sauti ya mwanawe.

Mchana mmoja, wateja hakuna, akashika chaki yake ya kuchorea vitambaa, akafanya mezani hesabu ambayo hawakuwahi kuifanya, maana siku zote waliishia saba. Ikatoka 1142856. Akaifuta, akairudia. Kisha akampigia binti simu.

"Mara nane," akasema, hata salamu hakuna.

Akamsikia binti ananong'ona, anazidisha. "1142856. Mbona imeharibika, baba? Saba haipo, na moja ziko mbili."

"Ile moja ya mbele imejitenga, jeuri yake. Irudishe kwa wenzake. Ijumlishe na ile sita ya mwisho."

Binti akaanza kujumlisha.

"142857," binti akasema. "Imerudi yote."

"Ile moja ni mimi, mama. Nisamehe."

Binti akavuta kamasi. "Baba, umekula?"

Mzee akaitazama sufuria. "Bado, mwanangu," akasema. "Sijala."